Visanduku Vitatu vya Buluu

Koki ya shamba la Abu Taisir ilifungwa asubuhi, watu wakitazama. Mtu wa ofisi ya maji alizungusha mnyororo, akatia kufuli, akabana juu yake lakiri ya risasi, na alipokaribishwa chai akasema ana koki nyingine za kufunga kabla jua halijapanda.

"Kosa langu nini?" Abu Taisir aliuliza. Kanzu yake ilikuwa imekunjwa mpaka magotini, na tope la zamu yake ya maji ya jana lilikuwa bado halijakauka miguuni.

"Umechimba bwawa bila kibali, ami. Ramani mpya imeonyesha."

"Ramani imefika lini shambani kwangu?"

"Haifiki, ami. Inatazama kutoka juu."

Abu Shahir, jirani ambaye koki yake ilikwisha kufungwa, alicheka cheko lisilo na furaha. "Mbona unamhoji huyu maskini? Muulize aliye nyuma yako. Ramani zinachorwa na nani kama si binti yako?"

Ibtisam alikuwa amesimama nyuma ya baba yake, mkoba begani, akingoja gari la kazini. Alihisi macho ya barabara nzima yakimgeukia. Yule mtu wa koki, ambaye kila siku walikunywa chai ya birika moja ofisini, aliinamisha kichwa. "Samahani, Injinia. Mimi natumwa tu."

"Tazameni ajabu hii," Abu Shahir aliendelea. "Tumekaa na injinia mtaani, na bado tunafungiwa kama wezi. Au labda yako itafunguliwa jioni, Abu Taisir? Giza likiingia?"

Abu Taisir aligeukia shamba lake. Alitazama safu za milimau yake, miti aliyoipanda mwaka ule Ibtisam alipoanza shule. Ilikuwa Agosti, na katika bonde la Ghor mwezi wa Agosti hewa hutoka ardhini kama inavyotoka kwenye tanuri la mkate. Mlimau ukikosa zamu moja hukunja majani, na malimau ya kwanza hudondoka. Ukikosa mbili humwaga matunda yote. Baada ya hapo mwenye shamba huangalia kuni.

"Nenda kazini, binti yangu," alisema kwa sauti ya chini. "Kaangalie huko wameona nini."

*

Ofisini, Ibtisam alifungua ile ramani kabla hata ya kuvua mkoba.

Anayeitazama ramani ya namna ile kwa mbali huona picha ya rangi. Akiikaribia, picha huvunjika ikawa visanduku, kila kimoja kikiwa ni kipande cha ardhi chenye upana wa hatua chache, na ndani ya kila kisanduku mna namba. Moja ni ardhi tupu, mbili ni miti, tatu ni mazao, nne ni maji, tano ni majengo. Rangi ni nguo tu ya kuwavutia wakubwa. Kilichofunga koki ilikuwa ile namba nne, na nne huvaa buluu.

Mstari wao wa mashamba ulikuwa umejaa buluu. Ukiitazama ungedhani wakulima wa Ghor wameacha kilimo na kuanza kufuga bata.

Ibtisam alielewa papo hapo. Setilaiti ilipita mwezi wa Julai, na Julai ndiyo wakati watu wa Ghor huloweshea udongo maji, wakaufunika kwa nailoni inayopitisha nuru, kisha wakaliacha jua liuchemshe udongo mpaka minyoo na magonjwa yaliyomo yafe. Udongo uliolowa, chini ya nailoni inayong'aa: kompyuta ya makao makuu ilitazama ule mng'aro ikasema maji. Kosa hili lisingeweza kutokea mahali pengine wala mwezi mwingine.

Mkuu wake, Injinia Suhail, alisimama nyuma ya kiti chake na kikombe cha kahawa.

"Ni nailoni," Ibtisam alisema.

"Naona ni nailoni. Mama yangu alikuwa akitufunikisha shamba zima, mikono inaungua." Alivuta kiti. "Lakini ramani imekwisha kupokelewa huko juu. Siwezi kuwaandikia kwamba binti wa Abu Taisir anasema ni nailoni."

"Wanataka nini?"

"Picha ya kila shamba, na alama ya mahali ilipopigwa. Kisha tubadilishe namba, kisanduku kwa kisanduku, tuweke jina la aliyebadilisha, na mimi nitie sahihi. Ikifika Alhamisi mchana bila marekebisho, koki zitabaki hivyo mpaka ramani ijayo."

"Ramani ijayo ni lini?"

"Masika." Alikunywa kahawa. "Na, Ibtisam. Shamba la kwenu limo humo. Fanya kila kitu mbele ya watu."

*

Ibtisam alitoka na simu yenye ramani, kofia pana, na chupa ya maji iliyogeuka uvuguvugu kabla ya shamba la pili.

Um Ghazi, mjane aliyelima biringani na wanawe wawili, alimpeleka mpaka katikati ya nailoni yake, akainua ukingo kwa ncha ya jembe ili udongo uonekane. "Piga picha vizuri," alisema. "Na mimi nitokee. Waone kwamba bwawa lao lina mwanamke amesimama juu yake na hajazama."

Ibtisam akacheka, akapiga. Nukta yake kwenye simu ilisimama katikati ya buluu, na miguu yake ilisimama katikati ya nailoni. Aliendelea hivyo shamba baada ya shamba. Watu walimletea maji, wengine walimletea maneno. Kwa Abu Shahir alipewa maneno peke yake.

"Umeanza na la nani?"

"La Um Ghazi."

"Na la baba yako?"

"La mwisho."

"Mwisho ndiyo mahali pa kuficha vitu," Abu Shahir alisema, akamgeuzia mgongo. Hata hivyo alisimama kwenye picha, kifua mbele, kama anayepigwa picha ya pasipoti.

Jua lilikuwa limeinama alipofika kwao. Nailoni ya baba yake ilikuwa imetandazwa kwa unadhifu, kingo zimefukiwa, mikunjo hakuna. Akapiga picha zake. Kisha akatazama simu, na uso ukambadilika. Buluu ya kwao haikuishia pale nailoni ilipoishia. Visanduku vitatu vilitokeza pembeni, upande wa pili wa ukuta wa matete uliozuia upepo.

Alijiambia picha za setilaiti huteleza kidogo. Zilikuwa zimeteleza kwa nani mwingine siku ile nzima? Hakuna. Akayapenya matete.

Vyura wawili waliruka majini. Lilikuwa bwawa, la upana wa ua wa nyumba, udongo uliochimbwa umelundikwa kingoni, na juu ya lundo pampu ndogo iliyofunikwa gunia. Maji yalikuwa yamepungua, yamebaki kina cha goti.

Ibtisam alikaa kitako juu ya lile lundo. Alikaa hapo mpaka simu ikazima kioo chake yenyewe.

*

"Nani kakutuma upite nyuma ya matete?" Abu Taisir aliuliza.

Walikuwa wamekaa chini kuzunguka sinia la wali wa dengu, na hakuna aliyekuwa akila isipokuwa Taisir, kaka yake Ibtisam, aliyeingia kutoka kuendesha lori la mboga na hakujua bado kuna jambo gani.

"Ramani ilinituma, baba."

"Zamu inakuja mara mbili kwa wiki, na mara moja katika hizo mbili haina nguvu. Miti ingeishi kwa nini? Nikayaweka akiba. Maji ni yangu mwenyewe, ya zamu yangu. Sikumnyang'anya mtu."

"Ungeomba kibali."

"Niliomba." Alisukuma sinia. "Waliniambia nirudi kesho. Nimekwenda kesho zote nilizokuwa nazo."

Um Taisir, mama yao, alimshika bintiye goti. "Ni visanduku vingapi, mama?"

"Vitatu."

"Vitatu!" Taisir alicheka, mdomo umejaa. "Mimi nikadhani ni mkasa. Si unavibadilisha hivyo vya nailoni? Pita navyo hivyo vitatu humohumo. Ni kubonyeza tu."

"Ni kubonyeza tu," Ibtisam alisema. "Na chini yake jina langu."

"Nani atakuja kuchungulia nyuma ya matete?"

"Abu Shahir. Kesho asubuhi, na mapema. Akikuta bwawa ambalo mimi nimeliandika shamba, kila picha niliyopiga leo itakuwa uongo. Ya Um Ghazi itakuwa uongo, amesimama mle na jembe lake. Koki zote zitarudi kufungwa, na safari hiyo hakuna atakayekuja kupiga picha."

"Kwa hiyo tumekusomesha ili uje utufungie maji," Taisir alisema. Hakucheka tena.

"Taisir!" mama yake alimkemea.

"Niacheni niseme. Baba alikuwa akikupeleka Irbid kwa pikapu ya nyanya, watu wakimwambia binti wa nini chuo kikuu. Leo amekuomba visanduku vitatu."

"Hajaniomba," Ibtisam alisema. Akamgeukia baba yake. "Umeniomba, baba?"

Abu Taisir alitazama mikono yake. Ilikuwa mikono mikubwa, na kucha moja ilikuwa nyeusi kwa kugongwa. Neno lilimjia mdomoni, likaonekana kabisa, kisha akalimeza.

"Kuleni chakula, kinapoa," alisema, akainuka, akaenda kuketi nje.

*

Jumatano Ibtisam alibadilisha namba.

Alichora mpaka kuzunguka nailoni ya kila shamba, akalinganisha na picha, akaiambia programu: ndani ya mpaka huu, palipo na nne weka tatu. Programu ilifikiri kidogo, kisha buluu ikayeyuka na kijani kikatokea mahali pake, na pembeni mwa jedwali jina lake likajiandika lenyewe. Um Ghazi akawa mkulima tena. Abu Shahir akawa mkulima tena. Hakuharakisha. Kila mara alikuza picha mpaka visanduku vikawa vikubwa kama vigae vya sakafu, ili asibadilishe hata kimoja kisichostahili.

La kwao lilikuwa la mwisho. Alichora mpaka uliofuata ukingo wa nailoni, ukafika kwenye matete, ukasimama. Nne zikawa tatu. Nyuma ya matete vilibaki vitatu, vya buluu kama vifungo vya koti.

Injinia Suhail alipitia kazi yote, shamba kwa shamba, akiitikia kwa kichwa. Alipofika mwisho akainama karibu na kioo.

"Hivi umevisahau?"

"Sikuvisahau."

Suhail alinyooka. Alikuwa mtu wa Ghor, na mtu wa Ghor akiona buluu nyuma ya matete hahitaji kuelezwa. Alijikuna shingo.

"Unajua hata kimoja kikibaki koki haifunguliwi."

"Najua."

"Milimau?"

"Milimau."

Suhail alitazama mlangoni, kisha akatazama kikombe chake. "Mimi nakwenda kunywa chai," alisema polepole. "Nitakaa kidogo. Nikirudi natia sahihi nitakachokikuta, siulizi."

Mkono wa Ibtisam ulikuwa juu ya kipanya. Lilikuwa jambo la kuvuta mstari kidogo tu, wa urefu usiozidi ukucha kwenye kioo. Akilini alimwona baba yake akimeza lile neno.

"Nenda ukanywe, Injinia," alisema. "Ukirudi utavikuta."

*

Koki zilifunguliwa Alhamisi alasiri. Sauti ya maji yakiingia kwenye mabomba yaliyokauka ilisikika mstari mzima, kwanza mkoromo wa hewa, kisha kikohozi, kisha maji yenyewe. Watoto walipiga kelele. Um Ghazi alipiga kigelegele kama yuko harusini. Yule mtu wa koki alifika kwa Abu Taisir, akakagua lakiri, akaandika onyo la bwawa, akalikabidhi, akaondoka bila kugusa kufuli.

Abu Taisir alisimama kando ya mnyororo wake. Malimau yalikuwa yameanza kudondoka, moja hapa, moja pale, na kila lilipoanguka alisikia.

Abu Shahir alikuja kwa miguu, viatu vinalia maji. Alitazama kufuli. Akamtazama Ibtisam aliyekuwa akishuka kutoka gari la kazini.

"Yangu iko wazi," alisema. "Ya baba yako imefungwa."

"Nimeona, ami."

"Mimi nilikuwa nimekwisha kuandaa maneno." Alionekana kama mtu aliyebeba mzigo akakuta mwenyewe hayupo. "Liko wapi hilo bwawa?"

"Nyuma ya matete," Abu Taisir alijibu mwenyewe, kwa sauti ya watu wote kusikia. "Nimelichimba mimi, kwa mikono yangu, na binti yangu hakujua. Ukitaka kulicheka, njoo ulicheke leo, maana kesho halipo."

Akamgeukia Ibtisam. "Nikilifukia, mtafungua?"

"Ukilifukia nitapiga picha, nitabadilisha namba, Injinia atatia sahihi ofisi ikifunguliwa. Jumapili."

"Milimau haisubiri Jumapili bila kunywa."

"Bwawani mna maji, baba," Ibtisam alisema. "Yale ni ya zamu yako."

Abu Taisir alimtazama. Kisha akakunja kanzu.

Taisir aliwasha pampu. Mpira wa pampu ulifika katikati ya milimau ukaishia hapo, na safu za mbali zikabaki kwa ndoo. Um Taisir alifunga mtandio kiunoni. Ibtisam alivua viatu vya ofisini, akavitundika kwenye tawi. Walibeba, ndoo moja kila mkono, ndoo moja kila mti, na walipochoka walibeba nusu. Mara ya kwanza Taisir alipopishana na dada yake hakumtazama. Mara ya pili alimpokea ndoo, akamwachia ile nyepesi.

Ijumaa baada ya swala walirudi. Pampu ilikuwa ikifyonza tope, na vyura walikuwa wamehamia kwa Um Ghazi. Abu Taisir aliingia na koleo, akaanza kurudisha udongo aliouchimba. Koleo la kwanza, la pili, la tatu. Lundo halikuonyesha kwamba limeguswa.

Ndipo uliposikika mngurumo upande wa barabara. Abu Shahir aliingia na trekta lake, sahani ya kusukumia udongo imening'inia mbele, akavunja matete kadhaa bila kuomba ruhusa.

"Toka humo kabla sijakufukia nawe," alisema.

"Sikukuita."

"Nani asubiri kuitwa na wewe? Nimekuja kumwona mtu mwenye bwawa. Maisha yangu yote sijapata kuwa jirani na tajiri." Akashusha sahani. "Um Taisir! Chai iwe na sukari, si kama ya mwaka jana!"

*

Jumapili mapema Ibtisam alisimama juu ya udongo uliosawazishwa, akapiga picha kutoka kila pembe. Ofisini alikuza ramani, akavichagua vile visanduku vitatu peke yao, akaandika namba kwa mkono wake. Buluu ikaondoka. Injinia Suhail alitia sahihi, safari hii bila kwenda kunywa chai. Mchana lakiri ilikatwa, na kufuli ikafunguliwa.

Jioni alimkuta baba yake nyuma ya matete, amesimama kando ya pale mahali kama mtu aliye msibani ambaye hajui ni nani aliyekufa. Milimau ilikuwa imepoteza matunda mengi ya mwaka ule. Majani yalikuwa yamejikunjua.

"Umepaandikaje hapa?" aliuliza.

"Moja."

"Moja ndiyo nini?"

"Ardhi tupu."

Abu Taisir aliguna. "Mimi nina ardhi tupu? Mwenye shamba gani huwa na ardhi tupu? Andika miti."

"Hakuna miti, baba."

"Nikipanda?"

"Ukipanda nitaandika ikionekana. Mche mmoja hauonekani kutoka juu. Unapotea ndani ya kisanduku."

Alifikiri. Alipiga hatua kutoka upande mmoja mpaka wa pili, kisha kwa kukatiza, midomo ikitembea. "Kisanduku kimoja kinabeba milimau minne, kwa nafasi nzuri. Basi nataka miche kumi na miwili."

"Ni miaka, baba. Mpaka itanue matawi, mpaka ifunike udongo. Setilaiti itapita mara nyingi na kuandika moja."

"Iandike." Abu Taisir alipiga magoti, akachomeka kijiti pa kuanzia mche wa kwanza, akakitazama kama kimenyooka. "Wewe usiongeze kitu. Iache ipite, na ikirudi ipite tena. Itanikuta."

Akamnyooshea mkono bila kuinua kichwa, na Ibtisam akampa kijiti cha pili.